Slaidi za neva ya panya: kwa mnaosoma maabara hapa Dodoma, chukueni

Wadau mnaoulizia slaidi za neva, mi nimechukua boksi kwenye duka moja la vifaa vya maabara hapa mjini na kwa kweli hela yangu imefanya kazi. Ni neva ya siatiki, ile kubwa ya mguu wa nyuma, kuna ya panya mzima na ya panya aliyesababishiwa kisukari kwa streptozotosini, ile kemikali inayoua seli za kongosho zinazotoa insulini. Zimetiwa osmiamu, kemikali inayoshika mafuta, kwa hiyo maielini, ile ala ya mafuta inayozunguka uzi wa neva, inatoka nyeusi tii, unaona vipete vyeusi vimebanana na katikati yake aksoni, ile sehemu ya ndani inayopitisha ujumbe, imepauka, yaani hata mwaka wa kwanza anaelewa palepale. Kwa panya mzima chukua upana wa aksoni gawanya kwa upana wa uzi wote pamoja na maielini, inakuja kama 0.6 hivi, raha sana kupima mwenyewe!

Ila kwa yule wa kisukari msitegemee makubwa, aksoni zinasinyaa kidogo tu, maielini haiharibiki kama ya mgonjwa aliyekaa na sukari miaka mingi, na hilo wangeliandika kwenye karatasi ya maelezo jamani, mwanafunzi anaweza kudhani haoni vizuri. Nyuzi zisizo na maielini, zile nyingi za maumivu, humu huzioni, zinataka hadubini ya elektroni.

Slaidi moja ilikatwa mshazari vipete vikawa mayai, hiyo usipimie, mi nimerudisha wakanibadilishia bila maneno.