Solver ya Excel kwa mchanganyaji wa chakula cha kuku: jibu zuri, ripoti nzuri zaidi

Solver ni zana ya kutafuta jibu bora, kama gharama ndogo kabisa, ndani ya masharti unayoiwekea. Imo ndani ya Excel ya kompyuta, ila huja ikiwa imezimwa. Kwenye Windows, fungua File, Options, Add-ins, bonyeza Go, weka tiki kwenye Solver Add-in. Itatokea kwenye Data. Kwenye Excel ya simu haipo.

Tuipe gunia la kilo 100 la kuku wa mayai. Tuseme mahindi ni shilingi 800 kwa kilo, protini 9%. Mashudu ya alizeti 900, protini 28%. Dagaa 4,000, protini 55%. Tenga seli tatu za kilo na moja ya gharama kwa SUMPRODUCT (fomula inayozidisha kila kilo kwa bei yake na kujumlisha), iambie Solver ipunguze gharama hiyo, kisha weka masharti: jumla iwe 100, protini isipungue kilo 16, mashudu yasizidi 20 kwa ajili ya nyuzinyuzi, dagaa wasizidi 10 mayai yasije yakanuka samaki. Jibu: mahindi 73.04, mashudu 20, dagaa 6.96. Gharama shilingi 104,261.

Mchanganyaji mzoefu angeweza kulikaribia jibu hilo kwa kukisia. Asichoweza kukisia kimo kwenye ripoti ya Sensitivity, inayoonyesha gharama inavyobadilika ukigusa sharti, ambayo wengi huifunga bila kuisoma. Ukitaka kilo moja zaidi ya protini, gunia linapanda shilingi 6,957, na bei hiyo inashika mpaka protini kilo 17.4 tu, hapo dagaa wamefika kikomo. Upande wa pili, kila kilo ya mashudu utakayoruhusu juu ya 20 inashusha gharama shilingi 1,222. Kwa hiyo kabla ya kubishana bei na muuza dagaa, ulizia mashudu yenye maganda machache, yaani nyuzinyuzi kidogo, ili uweze kuvuka 20.

Kero zipo. Solver hufunguka ikiwa kwenye GRG Nonlinear, njia ya hesabu zisizo za mstari. Kwa hesabu kama hii, ya kuzidisha na kujumlisha tu (ya mstari), chagua Simplex LP. Ukichomeka fomula ya IF (ikiwa hivi, basi vile) kwenye kilo, Simplex italalamika kwamba hesabu si ya mstari. Ukilazimisha namba kamili, ripoti ya Sensitivity haitoki, na kwa kuwa Integer Optimality, yaani umbali unaovumiliwa kutoka jibu bora, huwa 1%, inaweza kusimama kabla ya kupata jibu bora kabisa, iandike 0. Kikomo cha seli 200 za maamuzi (zile ambazo Solver hubadilisha, kama kilo) kinatosha kinu kidogo. Mwenye mzigo mkubwa atumie OpenSolver, nyongeza ya Excel ya bure, iliyotoka Chuo Kikuu cha Auckland.

Kubwa zaidi, Solver haikumbuki ulichosahau. Mfano huu hauna chokaa, chumvi wala premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Ukiunakili hivyo ulivyo, utaokota mayai yenye maganda laini, maana kuku anayetaga anahitaji kalsiamu kama 3.5% hadi 4%. Na dagaa wakija na mchanga, protini yao ikashuka hadi 45%, gunia lile lile lina protini 15.3%, huku seli ikiendelea kuandika 16.