The Good, the Bad and the Ugly kwenye diski: uzoefu wangu, chukua ya dakika 161

Picha hii ya kauboi ya Sergio Leone, ya mwaka 1966, inauzwa katika matoleo mengi yenye kava zinazofanana. Kabla ya kutoa pesa, geuza kava usome muda. Dakika 161 ni toleo la Kiingereza lililoonyeshwa Marekani kuanzia mwisho wa 1967. Dakika 179 ni lile refu la mwaka 2003. Ukikuta 155 hivi, usidhani imekatwa. Hiyo ni DVD ya PAL, mfumo wa TV wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, inayopitisha fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo kila kitu kinakwenda haraka kwa asilimia 4 na mara nyingi sauti nayo inapanda karibu nusu toni. Picha hii inabebwa na muziki wa Ennio Morricone, na tofauti hiyo inasikika Tuco, jambazi anayeigizwa na Eli Wallach, anapoyakimbilia makaburi.

Nimeyatazama yote mawili, refu na fupi, na nyota tano naipa ile ya dakika 161. Ndefu ina faida yake. Imerudisha kipande cha ngome ya majeruhi wa Jeshi la Kusini (hadithi iko ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kusini dhidi ya Kaskazini), ambako Angel Eyes, muuaji anayeigizwa na Lee Van Cleef, anapata fununu ya kambi ya wafungwa. Bila kipande hicho, ukimwona kambini na cheo cha sajini unajiuliza amefikaje. Shida ni kwamba vipande vilivyorudishwa havikuwa na sauti ya Kiingereza. Clint Eastwood, miaka 70 na ushee, na Eli Wallach, aliyeshavuka 85, waliitwa studio wajiwekee sauti upya. Lee Van Cleef alikuwa amefariki mwaka 1989, akasemewa na mwigizaji mwingine. Tuco yuko duka la bastola anafoka kwa sauti yake, muda mfupi baadaye yuko pangoni na sauti ya mzee. Mimi hapo hutoka kabisa ndani ya hadithi.

Rangi ndiyo ya kuangalia kuliko vyote. Diski zilizotokana na usafishaji wa 2014 zina umanjano uliotapakaa kila mahali, hadi mbinguni. Kuna njia rahisi ya kupima. Nenda pale gari la farasi linapokutana na kikosi cha wapanda farasi jangwani. Sare zinaonekana za kijivu, Tuco anashangilia Jeshi la Kusini, kisha ofisa anajipangusa mkono, vumbi linatoka na bluu ya Kaskazini inajitokeza. Tukio zima limesimama juu ya rangi hizo mbili. Kama kijivu kimekuwa kahawia na bluu imeingia ukijani, rudisha diski.

Usiogope chenga, yaani punje ndogo ndogo kwenye picha. Picha ilipigwa kwa Techniscope, ambayo kila fremu inachukua matundu mawili ya mkanda badala ya manne. Filamu inatumika nusu, lakini eneo la picha nalo ni dogo, kwa hiyo likikuzwa punje zinaonekana. Wasafishaji wanaozifuta kwa kompyuta hufuta pamoja nazo vinyweleo, jasho na mikunjo ya ngozi, na nyuso za Leone, zinazojaza skrini nzima, zinabaki kama nta.

Kwenye menyu ya sauti chagua mono, sauti ya asili ya njia moja. Sauti ya spika sita iliyotengenezwa baadaye imebadilisha milio ya risasi, na ule mlio mkavu wa bastola za picha za Kitaliano umepotea. Midomo kutolingana na maneno si kosa la deki: waigizaji walisema kila mmoja lugha yake, sauti zote zikawekwa baadaye studio. Usihangaike na kitufe cha kuchelewesha sauti.

Upande wa TV, zima kulainisha mwendo na shusha ukali wa picha, kwa sababu ukali ukizidi chenga zinageuka mchanga. Upana ni 2.35 kwa 1, kwa hiyo kwenye skrini ya mistari 1080 picha inachukua kama 817, na mikanda myeusi juu na chini ni halali yake. Ukivuta picha ijaze skrini unakata pembeni, na katika pambano la mwisho la watu watatu, pembeni ndiko wanakosimama.

Wanaoagiza kutoka Marekani: Blu-ray za huko mara nyingi zimefungwa kanda A (kanda ni eneo la dunia ambalo diski imeruhusiwa kuchezwa), na deki za Afrika ni kanda B, hazitaisoma. Diski za 4K hazina kanda, ila zinahitaji deki ya 4K. Deki ya Blu-ray ya kawaida itaitema. Ukipata seti yenye 4K ya dakika 161 na mono ndani, ichukue.