Tiketi ya Mozaiki za Ravenna: Ina Thamani ya Hela Yako?

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo nawaletea uchambuzi wa tiketi, ndiyo, tiketi: ile ya pamoja ya kuona mozaiki za Ravenna, mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Italia, karibu na bahari ya Adria. Wengi mnaniuliza swali moja. Nimehangaika nikapata viza ya Schengen, nina siku chache tu Italia, Roma na Venice kila kona watu wamejaa, niende wapi pengine? Mimi nawaambia nendeni Ravenna, hata kama mna siku moja tu. Ngoja niwaeleze tiketi hii inakupa nini, inakunyima nini, na uitumie vipi ili hela yako isiende bure.

Kwanza kufika. Wengi mtatokea Bologna, na treni ya kawaida, wanaiita regionale, inatumia saa moja na dakika kadhaa. Bei ya treni hizi haibadiliki, ununue mwezi mzima kabla au ununue dakika ile ile, kwa hiyo usijisumbue kuiwahi. Ila sikiliza hapa: ukinunua tiketi ya karatasi, igonge muhuri kwenye kimashine cha pale stesheni kabla hujapanda. Mkaguzi akikukuta haijagongwa anakutoza faini, hata kama umeilipia. Ukishuka Ravenna, vivutio vyote vya katikati ya mji unavifikia kwa miguu. Mji ni tambarare, hauna vilima, na watu wengi wanatembea kwa baiskeli. Mzee wako ukimpeleka hatachoka.

Sasa tiketi yenyewe. Inatolewa na jimbo kuu la Kanisa Katoliki la pale, na inahusu majengo matano yaliyo chini yao: kanisa la San Vitale, kaburi la Galla Placidia lililo kwenye uwanja huo huo, kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, jengo la ubatizo la Neone, na jumba la makumbusho la askofu mkuu. Nunua mtandaoni kabla hujafika, kwa sababu Galla Placidia na lile jengo la ubatizo unachagua saa ya kuingia, na saa za mchana huisha mapema msimu wa watalii. Halafu ujue kwamba kila jengo unaingia mara moja tu. Ukitoka umetoka.

Mtu atauliza, mozaiki ndiyo nini hasa mpaka nifunge safari? Ni picha iliyopangwa kwa vipande vidogo vya kioo na mawe, maelfu kwa maelfu, vimebandikwa ukutani na darini. Vile vya dhahabu vimetengenezwa kwa kulaza karatasi nyembamba mno ya dhahabu halisi katikati ya tabaka mbili za kioo. Na mafundi hawakuvipanga vikalala sawasawa kama vigae vya bafuni. Walivilaza kwa pembe tofauti tofauti, hiki kimeinama kidogo huku, kile kule, ili mwanga ukipita kila kimoja kimeremete kwa wakati wake. Ndiyo maana picha za simu hazitoshi kabisa. Unapopiga hatua mbili ukuta mzima unabadilika. Simama, sogea kushoto, sogea kulia, uone dhahabu inavyozima na kuwaka. Hicho ndicho unachokilipia.

Ushauri wangu ni uanze na Galla Placidia, asubuhi, siku ya jua. Ukiliona kwa nje unaweza kulipita: kijumba cha matofali, kifupi, hakina urembo wowote. Galla Placidia alikuwa dada wa Kaisari Honorius, yule aliyehamishia makao makuu ya dola ya Kirumi ya magharibi hapa Ravenna mwaka 402, kwa sababu mji ulizungukwa na vinamasi na adui asingeweza kuuingia kirahisi. Mama huyu aliitawala dola kwa niaba ya mwanawe aliyekuwa bado mtoto. Alifia Roma mwaka 450, na pengine hakuzikwa kabisa hapa, lakini jina limebaki.

Ndani wanakupa dakika 5 hivi, maana chumba ni kidogo na nje kuna foleni. Hili ndilo lalamiko langu kubwa juu ya tiketi hii. Dakika 5 ni chache, kwa sababu ukitoka juani macho hayaoni kitu. Kwa hiyo fanya hivi: ukiwa kwenye foleni vua miwani ya jua, kaa upande wa kivuli, na simu iweke mfukoni. Ukiingia usitafute picha ya kupiga. Inua uso tu. Madirisha hayana vioo vya kawaida, yamewekwa mabamba membamba ya alabasta, jiwe linalopitisha mwanga, kwa hiyo mwanga unaingia wa manjano, laini kabisa. Kisha taratibu dari linajitokeza: samawati iliyokolea, nyota za dhahabu mamia zimezunguka msalaba mmoja katikati. Juu ya mlango ulioingilia kuna Mchungaji Mwema, kijana asiye na ndevu, anamgusa kondoo mdomoni. Wengi wanatoka bila kumwona kwa sababu wamempa mgongo. Geuka nyuma umwone!

Ukitoka hapo, San Vitale iko hatua chache mbele. Kanisa hili lina pembe nane na liliwekwa wakfu mwaka 547. Hapa hakuna wa kukufukuza, tafuta pa kukaa. Nenda moja kwa moja sehemu ya altare. Kushoto yuko Kaisari Justinian na watu wake, kulia mkewe Theodora na wanawake wa ikulu yake, wanatazamana. Kaisari ameshika sahani ya mkate wa sadaka, malkia kikombe cha dhahabu chenye vito. Mtazame Theodora vizuri, kwenye pindo la joho lake la zambarau, chini kabisa: wamedariziwa wale mamajusi watatu wanapeleka zawadi zao. Fundi aliweka picha ndani ya picha, mahali ambapo watu wengi hawatatupa jicho, na bado aliifanya kwa uangalifu ule ule.

Na jambo linalonishangaza kuliko yote ni kwamba hawa wawili hawakuwahi kukanyaga Ravenna. Walikuwa Constantinople, Istanbul ya leo, makao makuu ya dola ya Kirumi ya mashariki. Jeshi lao lilikuwa limeuteka mji mwaka 540 chini ya jemadari Belisarius, na picha zikawekwa ili kila anayesali pale ajue sasa mwenye mji ni nani. Askofu Maximian naye amesimama karibu na Kaisari, na ni yeye peke yake aliyeandikiwa jina juu ya kichwa. Siasa tupu, jamani, lakini imefanywa kwa mikono ya watu waliokuwa mabingwa wa kazi yao.

Mkitaka kuielewa siasa hiyo zaidi, nendeni Sant'Apollinare Nuovo. Mimi hili ndilo nalipenda kuliko yote, kuliko hata Galla Placidia, najua wengi hamtakubaliana nami. Kabla ya Justinian mji ulikuwa chini ya Theodoric, mfalme wa Wagothi, watu wa asili ya Kijerumani walioiteka Italia, aliyetawala mpaka alipofariki mwaka 526. Theodoric alikuwa Mkristo wa mafundisho ya Ario, kasisi aliyesema Kristo si sawa na Mungu Baba, mafundisho ambayo Kanisa la Kirumi liliyaita uzushi. Kanisa hili alilijenga yeye, karibu na ikulu yake, na ukutani akaweka picha ya ikulu hiyo na watu wake wamesimama katikati ya nguzo. Waliokuja baada yake wakawaondoa watu wale. Walibandua vipande wakaweka mapazia meupe mahali pao.

Sasa ukiingia tazama ukuta wa kulia, upande wa mlangoni. Utaona jengo lenye nguzo na mapazia, na juu limeandikwa PALATIVM. Kisha zitazame nguzo zenyewe, moja moja. Kuna mkono. Mkono wa mtu, na vidole vyake, umebaki juu ya nguzo nyeupe, na mwenye mkono hayupo. Nguzo nyingine nayo ina mkono. Walipowafuta wale watu hawakuzigusa sehemu zilizoangukia kwenye nguzo, na ikabaki hivyo hadi leo, miaka karibu 1500. Mimi pale nilisimama nikashindwa kuondoka. Vitabu vinaweza kukueleza kurasa nyingi kuhusu kubadilisha utawala, lakini mkono ule unakuonyesha mara moja. Halafu kando ya ikulu hiyo yanaanza maandamano: upande huu mashahidi wanaume wanaelekea kwa Kristo, upande ule wanawake watakatifu wanamwelekea Bikira Maria, wakitanguliwa na mamajusi. Fuata mwendo wao taratibu kutoka mlangoni hadi mbele. Lilijengwa utembee hivyo.

Jengo la ubatizo la Neone ni la kupita kwa muda mfupi, lakini usiliruke. Darini kuna ubatizo wa Yesu mtoni Yordani, mitume 12 wamemzunguka, na mto wenyewe umechorwa kama mzee ametokeza majini. Waario nao walikuwa na jengo lao la ubatizo, lipo dakika chache kutoka hapo, na picha darini ni ile ile! Makundi mawili yaliyoshutumiana, yakabatiza chini ya picha moja. Jengo hilo la Waario halimo kwenye tiketi hii, ni la serikali, utalipia pembeni.

Makumbusho ya askofu mkuu watu wengi wanayaacha. Kama una nusu siku tu, sawa, yaache. Ukiwa na siku nzima, ingia umwone huyo Maximian tena, safari hii kiti chake: kiti cha enzi cha pembe za ndovu, kimechongwa chote, na ubavuni ni habari za Yusufu, anavyouzwa na ndugu zake hadi anavyotukuka Misri. Mkristo na Mwislamu wote wataitambua hadithi bila kusomewa kibao.

Chakula sasa. Ravenna iko mkoa wa Emilia-Romagna, na hapa utakula piadina, mkate mwembamba wa kukaangwa juu ya chuma, unafanana sana na chapati yetu, wanaukunja na jibini laini ya squacquerone na majani ya rucola. Bei ni ya kawaida na unashiba. Lakini Waislamu wenzangu na wote msiokula nguruwe, sikilizeni kwa makini: piadina ya asili inakandwa kwa mafuta ya nguruwe. Hata ukiagiza yenye jibini tu, mafuta yamo kwenye unga. Wanaiita strutto. Uliza iliyokandwa kwa mafuta ya zeituni, sema "all'olio d'oliva", sehemu nyingi wanayo. Kibanda kisichokuwa nayo, ondoka, kuna kingine mtaa wa pili.

Ukishakula, kuna vitu viwili vya bure. Kaburi la Dante, yule mshairi mkuu wa Italia, liko hapa. Florence ndiko alikozaliwa na ndiko walikomfukuza, akafia Ravenna mwaka 1321. Baadaye Florence wakaitaka mifupa yake, na mwaka 1519 Papa akawakubalia. Wajumbe walipofungua kaburi hawakukuta kitu. Watawa wa Kifransisko walikuwa wameshaitoa na kuificha, na haikuonekana tena hadi mwaka 1865, mafundi walipokuwa wanakarabati ukuta. Kanisa la watawa hao, San Francesco, liko jirani, na chini ya altare kuna chumba kilichojaa maji ya ardhini kwa sababu mji umekuwa ukididimia, na juu ya sakafu ya mozaiki ya kale wanaogelea samaki. Watoto watapapenda.

Sasa tiketi inachokunyima. Mbali na lile jengo la Waario, haina kaburi la Theodoric, jengo la mawe lenye paa la jiwe moja tu la upana wa mita 10 hivi. Ukibanwa na muda, hilo unaweza kuliacha, halina mozaiki. Linaloniuma ni Sant'Apollinare in Classe, nje kidogo ya mji, nalo halimo. Usiliache. Treni ya kwenda Rimini inasimama Classe, kituo kimoja tu kutoka Ravenna, na kanisa liko karibu na kituo. Liliwekwa wakfu mwaka 549, ni kubwa, lina mwanga, na mara nyingi watu ni wachache. Ukuta wa mbele ni bustani nzima ya kijani, miti, maua, ndege, na kondoo 12 weupe wanamkaribia askofu Apollinare aliyeinua mikono kuomba. Nenda alasiri, baada ya kumaliza ya mjini.

Kwa hiyo nunueni hii tiketi, mimi naipa 9 kwa 10, na ile moja nimeikata kwa ajili ya dakika 5 za Galla Placidia. Anayekwenda na wazazi, au anayetaka saa za treni ili aunganishe mjini na Classe siku moja, aniandikie hapo chini aniambie anatokea mji gani, nitampangia.