Uzoefu wangu: kuchagua njia za kutembea Lushoto mkiwa kundi la watu tofauti

Kila mtu anayeniuliza Lushoto njia gani nzuri ya kutembea namrudishia swali, unaenda na nani na huyo mtu anapenda nini? Maana milima ya Usambara Magharibi, ambako Lushoto ipo, sio kama Kilimanjaro kwamba wote mnaelekea kilele kimoja, hapana, huku ni vijiji na mashamba ya kabeji na karoti, misitu, mabonde, kingo za milima za kutisha, na njia zenyewe ni zile zile Wasambaa wanazopita kila siku kwenda sokoni na shambani na kanisani na msikitini, ziko nyingi mno na nyingi hazina kibao. Kwa hiyo utahitaji muongozaji, na ndo maana maoni yangu haya yanahusu waongozaji zaidi hata ya njia.

Sisi tulikuwa mchanganyiko haswa. Mama yangu mtu mzima mwenye magoti yanayouma, watoto wa dada, mpwa wangu kijana ambaye anakimbia mbio ndefu, na rafiki yangu mmoja anayependa ndege kuliko kitu kingine chochote. Kijana wa kwanza aliyetufuata pale stendi alitaja bei kabla hata hatujashusha mabegi, njia moja kwa wote, kutwa nzima, akasema ni rahisi tu. Rahisi kwa nani? Tukamshukuru tukaendelea.

Wa pili, ambaye tulielekezwa na wenyeji wetu pale tulipofikia, alikuja jioni akakaa, akaagiza chai, akamwamkia mama shikamoo, halafu akamuuliza swali ambalo mimi mwanae sijawahi kumuuliza: "Mama, magoti yanakusumbua zaidi ukipanda au ukishuka?" Mama akasema kushuka. Basi mpango wote ukabadilika palepale, kwamba mama apande kwa miguu taratibu ila kurudi achukuliwe na gari. Aisee nilimpenda yule kaka kuanzia hapo. Akawauliza na watoto pia, nani anaogopa sehemu za juu, nani anachoka haraka, wanapenda wanyama gani (kinyonga, walisema wote kwa pamoja).

Njia ya mama na watoto ilikuwa Irente. Ukitoka mjini unapita Yoghoi, kilomita kama tano au sita mpaka kule kwenye mwamba, unapanda kidogokidogo katikati ya nyumba za watu na mashamba, kuna kusalimiana njiani, kuna sehemu za kukaa kivulini. Ukifika ukingoni ardhi inaisha tu, chini unaona Mazinde na barabara na mashamba ya mkonge na tambarare inaenda mpaka macho yanachoka. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na kule chini ni joto la kawaida la Tanga, kwa hiyo upepo unaopanda pale ni wa ajabu. Watoto washikwe mikono, sio utani. Njiani kuna shamba la Irente, ni mali ya kanisa la KKKT, yaani Walutheri, unakula mkate wa kwao na jibini na jamu, mama alikaa pale bustanini akiuliza maua moja moja, na muongozaji akamwambia yale maua ya zambarau ya kwenye vikopo ambayo anayapanda kibarazani Dar asili yake ni milima hii hii ya Usambara, Mjerumani mmoja aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire ndiye aliyeyapeleka Ulaya miaka ya 1890 na sasa yanauzwa dunia nzima. Mama alifurahi mpaka leo anawasimulia wageni. Kwake ile ndo ilikuwa safari, sio mwamba.

Sasa hapa kwenye msitu wa hifadhi wa Magamba ndo nataka mnisikilize vizuri. Mpwa wangu na rafiki yangu wa ndege wote wana nguvu, wote wanaweza kutembea siku nzima, na mtu yeyote angesema hawa waende pamoja, msitu ni mmoja. Muongozaji akakataa. Akasema anayetafuta ndege anasimama kila hatua kumi na anataka kimya, anayetaka mlima anataka kasi, mkiwaweka pamoja wote wawili watarudi wamenuna. Akatafuta mwenzake. Rafiki yangu akaondoka giza halijaisha na mtu anayejua sauti za ndege, wakatembea polepole sana chini ya ile miti mikubwa ya mikulo, na kwenye misitu hii kuna kandege kadogo ka kahawia, wataalamu wanakaita Usambara akalat, ambako duniani kote kanaishi hapa Usambara Magharibi tu, yaani ukikakosa hapa hakuna pengine pa kwenda kukatafuta. Alikaona. Alirudi ananong'ona kama bado yuko msituni. Mpwa yeye akaanza baadae, akapelekwa juu kabisa kwenye miinuko inayopita mita 2,000, amekutana na mbega, ametoka jasho, akarudi ana njaa anataka kujua kesho wanaenda wapi. Msitu mmoja, siku moja, safari mbili tofauti kabisa, na hiyo mimi naona ndo kazi ya muongozaji unayemlipa, njia hata mtoto wa kijiji anaweza kukuonyesha.

Kinyonga wa watoto tuliwatafuta usiku na tochi karibu tu na tulipolala, maana usiku wanalala kwenye matawi na rangi yao inapauka, ukimulika unawaona vizuri kuliko mchana. Hii haihitaji nguvu yoyote, hata mama alikuja na kanga yake begani.

Kwa wenye siku nyingi kuna ile ya kwenda mpaka kijiji cha Mtae, nimeifanya safari nyingine na marafiki. Unapita Lukozi, unapita Rangwi ambako masista wanapokea wageni na usafi wao ni wa kiwango kingine, unamalizia Mtae juu ya mgongo wa mlima, hifadhi ya Mkomazi iko chini yako, na jirani pale Mambo asubuhi kukiwa hakuna ukungu Kilimanjaro inaonekana. Ni nzuri mno. Ila usimpeleke mtu ambaye hajawahi kutembea siku mbili mfululizo, maana kinachochosha huku sio urefu, ni kushuka bonde kupanda bonde halafu unaona kijiji kipo hapo mbele kabisa na kumbe bado masaa mawili. Mtu akikwambia kilomita muulize masaa, na muulize mnapanda mara ngapi.

Masika, Machi mpaka Mei, udongo mwekundu unateleza vibaya, wenye magoti wakae nyumbani au wabaki Irente. Juni mpaka Agosti baridi kali, beba sweta la kweli sio kaushi la Dar. Viatu raba zenye meno zinatosha kwa njia nyingi.

Malipo, ulizia mapema kilichomo ndani ya bei. Magamba ni hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo kuna ada ya kuingia, hiyo ni ya serikali unalipa kwa kontro namba na risiti yako unapewa, ni tofauti na hela ya muongozaji. Chakula na usafiri wa kurudi navyo muongee kabla, hasa kama kuna mzee, gari liwe limeshaagizwa na namba ya dereva mnayo. Wa kwetu alituandikia kila kitu kwenye karatasi na hakuna kilichoongezeka njiani, nampa nyota tano bila kufikiria.

Kama mnaenda Mtae na mnarudi kwa basi, muulizeni muongozaji saa ya kuondoka usiku uleule mkifika, mabasi yanashuka alfajiri sana kabla hakujapambazuka na ukilikosa siku yako imeisha.