Seti ya gia za difu 4.88 kwa Land Cruiser HZJ75
Kwa mwenye HZJ75 yenye difu (sanduku la gia katikati ya ekseli) za uwiano wa 4.11, yaani propela shafti, mhimili unaoleta nguvu ya injini, huzunguka mara 4.11 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na ambayo, baada ya kufungwa matairi ya inchi 35, imekuwa nzito milimani, seti hii ya krauni (gia kubwa) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha), yenye meno 39 na 8 badala ya 37 na 9, inarudisha nguvu iliyopotea, nami naipendekeza kwa dhati. Meno yamechongwa vizuri, na kila jozi imepigwa namba moja, kwani krauni na pinioni husagwa pamoja na hazifai kuchanganywa na za jozi nyingine. Kinachosikitisha ni kwamba beringi na sili hununuliwa kando.

Difu ya nyuma hutoka kwa urahisi: oili humwagwa, hafu shafti (mihimili ya kwenda magurudumuni) na propela shafti huchomolewa, kisha difu nzima huvutwa kwa mbele. Ya mbele inadai kazi zaidi, maana habu (vitovu) za magurudumu hufunguliwa kwanza. Ugumu wenyewe umo katika kurekebisha, na asiye na geji ya kupimia nafasi kati ya meno, pamoja na rangi ya kukagua mguso wake, ampelekee fundi wa difu, kwa sababu gia zilizokaa vibaya hulia na kulika upesi. Gia za difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zibadilishwe kwa pamoja, kwa kuwa uwiano ukitofautiana, magurudumu manne hayawezi kutumika bila kuharibu gari.