Common Sense Media: inamfaa kiasi gani mzazi anayekagua orodha ya vitabu vya shule?

Orodha ya vitabu vya mwaka ikishafika nyumbani, mzazi ana siku chache tu za kujua mtoto wake atasomeshwa nini. Marekani, mahali ambapo wazazi wengi huanzia ni Common Sense Media, tovuti inayotathmini vitabu kwa ajili ya wazazi, ya shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa na Jim Steyer mwaka 2003, makao yake yakiwa San Francisco. Mzazi wa Nairobi au Dar es Salaam ambaye mtoto wake anafuata mtaala wa nje anaweza kuitumia vilevile, kwa sababu vitabu ni vilevile. Tunaipendekeza, ila kwa kazi moja tu: kukusaidia kuamua juu ya mtoto wako mwenyewe. Ukiitumia kama ushahidi wa kutaka kitabu kiondolewe shuleni, itakuangusha.

Ukurasa wa kitabu huanza na umri uliopendekezwa na wakaguzi wa shirika. Karibu yake kuna umri uliotolewa na wazazi, na mwingine uliotolewa na watoto wenyewe. Chini yake ndiko kwenye vipengele: vurugu na vitisho, mapenzi na uchi, lugha chafu, pombe na dawa za kulevya, utangazaji wa bidhaa, na pia mafunzo na mifano ya kuigwa. Kila kipengele hupewa vidoti, mwisho 5. Kisha huja maelezo ya kile mzazi anachopaswa kujua, hadithi kwa ufupi, na maswali ya kuzungumza na mtoto.

Namba ya umri iliyo juu kabisa ndiyo yenye faida ndogo kuliko vyote, na ndiyo ambayo wengi huishia kuisoma. Inabana mambo mengi mahali pamoja: ugumu wa lugha, hofu, matusi, uzito wa mada. Vitabu viwili vinaweza kupewa miaka 13, kimoja kwa sababu ya vita na kingine kwa sababu ya busu. Ushuke hadi kwenye maelezo. Ukiona umri wa wazazi umepishana na wa wakaguzi kwa miaka miwili au zaidi, fungua maoni yao, maana hapo ndipo utakapoona hasa wanachobishania. Angalia na tarehe. Maoni yanayorundikana ndani ya wiki moja, mengi yakirudia sentensi ileile, mara nyingi huletwa na mabishano ya kwenye habari. Mtu hahitaji kuthibitisha kwamba amekisoma kitabu ndipo atoe maoni.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba vidoti hupima kiasi, havipimi kusudi. Chukua Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyowahi kuwa kitabu teule cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Mna ubakaji wa mabinti wa Kaizari katika vurugu za baada ya uchaguzi, na mna ukeketaji wa Tuama. Kwa kipimo cha vidoti, riwaya hiyo ingejaza mstari wa vurugu. Lakini mwandishi anayaonyesha maovu hayo ili ayalaani, na msomaji wa kidato cha tatu analiona hilo waziwazi. Hakuna kidoti cha kulisema.

Upungufu mwingine unatuhusu sisi moja kwa moja: macho yanayopima ni ya Kimarekani. Februari 2023, Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakinzana na mila, desturi na maadili. Ukitafuta kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kwenye Common Sense Media utakuta miaka 8 na kuendelea, pamoja na tahadhari kuhusu ubinafsi wa Greg, mhusika mkuu. Swali la mzazi wa Morogoro kuhusu heshima kwa wakubwa halina mstari wake pale. Mtoto anayemjibu baba yake kwa dharau anahesabiwa, kama anahesabiwa, ndani ya mifano ya kuigwa. Dini na uchawi navyo utavitafuta kwa bahati kwenye maelezo.

Wapo waliotumia BookLooks badala yake. Tovuti hiyo ilianzishwa Florida mwaka 2022 na mama aliyewahi kuwa mwanachama wa Moms for Liberty, kundi la wazazi linalopinga baadhi ya vitabu shuleni, ikafungwa Machi 2025, lakini ripoti zake bado zinasambazwa. Faida yake ilikuwa halisi: dondoo zilitolewa pamoja na namba za kurasa, na matusi yakahesabiwa moja moja. Common Sense Media haikupi kurasa. Hasara ni kwamba dondoo kumi zilizokatwa kutoka kurasa 300 hazikuambii kurasa zilizobaki zinasema nini. Kamati za shule zilipokea malalamiko yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka humo, na swali mojawapo kwenye fomu nyingi za kuomba kitabu kipitiwe upya ni hili: je, umekisoma chote? Ukijibu hapana, umeshaidhoofisha hoja yako.

Kwa hiyo tumia tathmini kuchagua kitabu kipi ukisome wewe mwenyewe kwanza. Soma chote, ukiwa na karatasi yenye safu nne: ukurasa, kinachotendeka, nani anakitenda, na kitabu kinamfikisha wapi mtendaji. Safu ya nne ndiyo inayokosekana kwenye tovuti zote mbili. Andika pia toleo na mwaka, kwa sababu kurasa huhama toleo likibadilika, na mwalimu akifungua ukurasa usio wenyewe mazungumzo yanaharibika mapema.

Halafu amua unachoomba. Kubadilishiwa kitabu mtoto wako ni ombi dogo. Mwalimu mara nyingi hulimaliza mwenyewe, hasa likifika kabla somo halijaanza. Kukiondoa kwa watoto wote ni shauri la bodi, na sheria hutofautiana. Florida, kwa sheria ya HB 1069 ya 2023, kitabu kinacholalamikiwa kwa maudhui ya ngono huondolewa ndani ya siku 5 za shule hadi uamuzi utolewe. Kwingine hubaki rafuni wakati wa mapitio. Maryland, kesi ya Mahmoud dhidi ya Taylor ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 27 Juni 2025 majaji 6 kwa 3 waliamua kwamba wazazi wa kaunti ya Montgomery wajulishwe mapema na waruhusiwe kuwatoa watoto wao kwenye masomo ya vitabu vya hadithi vinavyohusu mashoga na waliobadili jinsia, wakati kesi ikiendelea. Msingi wake ni uhuru wa dini. Barua inayosema tu kwamba kitabu ni kibaya haisimami juu ya uamuzi huo.

Kenya, ombi la kubadilishiwa kitabu teule halina njia. Karatasi 102/3 ya Kiswahili, yaani ya fasihi katika KCSE, hutahini vitabu vilevile kwa watahiniwa wote, na mwanafunzi asiyeisoma riwaya ya Nguu za Jadi au tamthilia ya Bembea ya Maisha anajipunguzia alama. Usitegemee Common Sense Media kwa vitabu hivi, maana fasihi ya Kiswahili si uwanja wake. Hapo karatasi ya safu nne ina kazi nyingine: mpe mwalimu nakala kabla darasa halijafika kwenye sura nzito, umwombe akueleze atakavyoifundisha, kisha usome sura hiyo na mtoto wako nyumbani wiki hiyohiyo.