Kinoo cha sh 22,000 na kibanio chake: miezi minne jikoni kwangu

Nilikinunua Mbuyuni, hapa Moshi. Upande mmoja ni namba 400, wenye chembe za kukwaruza, wa pili 1000, ulio laini zaidi, pamoja na kibanio cha plastiki cha kuvalisha mgongo wa kisu ili ukinoa kisilale wala kusimama mno. Kabla ya hapo nilikuwa nasubiri fundi wa baiskeli. Jiwe lake linazunguka mpaka cheche zinaruka, na kisu kinarudi kimekonda.

Jiwe lenyewe sina ugomvi nalo. Nalilowesha mpaka liache kutoa mapovu, naanza na 400 hadi nikipapasa upande wa pili nasikia chuma kimejikunja kidogo, nageuza, halafu namalizia na 1000. Nyanya iliyoiva inakatika bila kubonyea.

Tatizo ni kibanio. Boksi linasema kinainamisha kisu nyuzi 15 kutoka kwenye jiwe. Nikachukua rula: kinainua mgongo milimita 12. Kisu changu cha nyama kina upana wa milimita 45, kwa hiyo napata 15 na ushee, sawa. Kile kidogo cha kumenyea ndizi za mtori kina 25 tu, na hapo kinasimama karibu nyuzi 29! Nilinoa nusu saa nzima, bado kikawa kinakwama kwenye ganda.

Lingine kosa langu. Shemeji ana bucha Majengo, akaniletea kisu cha kukatia mbavu, nikamnolea kwa 15 zile zile huku najisifu. Jioni kakirudisha kina mapengo matatu, kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. "Shem, nilitaka kisu, wewe umenipa wembe." Makali membamba hivyo hayahimili mfupa. Nikayarudia kwa 25, mwezi wa pili huu hajalalamika.

Siku hizi nakunja kona ya karatasi mara mbili: 90 inakuwa 45, kisha 22 na nusu. Naisimamisha kando ya jiwe, mkono unazoea mteremko. Kisu cha mboga nakishusha kidogo. Nikiwa na shaka napaka makali maka peni, napitisha mara mbili. Wino ukifutika kuelekea mgongoni nimelaza mno, ukifutika ukingoni tu nimeinua mno.

Kwa jiwe peke yake ningetoa tena hiyo 22,000. Plastiki muuzaji abaki nayo.